UMASKINI PEKE YAKE HAUBEBI BUNDUKI

Liko neno linalopendwa sana na mabwana wa mabenki na wa mikutano ya ng'ambo. Wasema kwamba nchi isiyo na mali haiwezi kuwa na utulivu, na kwamba mwenye njaa ndiye ashikaye bunduki. Neno hili limekwisha kuwa kama sala. Kila mwaka Benki ya Dunia hutoa orodha ya nchi inazoziita dhaifu, yaani nchi ambazo serikali zake hazina nguvu au zimo vitani, na majina mengi katika orodha hiyo ni ya kwetu Afrika. Aisomaye bila kufikiri hudhani kwamba umaskini na fujo ni mapacha waliozaliwa Afrika, na kwamba hatuna la kufanya ila kukaa kitako na kungoja msaada.

Sisi hatusemi kwamba neno hili ni uongo mtupu. Kijana asiye na shamba, asiye na kazi wala mahari, ni rahisi kununuliwa. Ukimpa bunduki, sare na sahani ya wali atakufuata, na anayemnunua hahitaji fedha nyingi. Hayo twayajua. Lakini twasema kwamba nusu ya maneno imeachwa, na nusu iliyoachwa ndiyo inayotuhusu sisi tulio katika chama.

Kama umaskini peke yake ungevunja nchi, basi Botswana ingevunjika siku ile ile ya kwanza. Ilipopata uhuru tarehe 30 Septemba 1966 ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Ukame ulikuwa umeua ng'ombe wengi, barabara za lami zilikuwa kilomita chache za kuhesabu, na serikali iliendeshwa kwa fedha za kusaidiwa na Mwingereza. Almasi ya Orapa ilikuwa bado haijagunduliwa. Iligunduliwa mwaka 1967. Hata jeshi haikuwa nalo, maana jeshi lake liliundwa mwaka 1977. Na majirani zake walikuwa Makaburu wa Afrika Kusini na walowezi wa Rhodesia, watu ambao hawakuitakia mema nchi yo yote ya Waafrika walio huru. Botswana haikuvunjika.

Na kama utajiri peke yake ungelinda nchi, Kongo ingekuwa imelala usingizi wa raha tangu mwaka 1960. Iko shaba ya Katanga, iko almasi ya Kasai, iko dhahabu ya Kilo-Moto, iko koltani ya Masisi. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka Kongo. Maji ya mto ule yaangukayo pale Inga yangeweza kuwasha taa katika nchi nyingi za Afrika. Lakini juu ya ardhi hiyo hiyo, Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 zaidi ya watu 7 katika kila 10 waliishi kwa chini ya dola 2 na senti 15 kwa siku.

Twataka leo kuitazama Kongo, na tuna haki ya kuitazama. Lugha yetu ndiyo lugha yao kutoka Lubumbashi mpaka Bunia. Tangu mwaka 1996 wakimbizi wao wamekuwa wakipokewa Nyarugusu, mkoani Kigoma, na wako waliozaliwa kambini humo wakakua wakaoa humo humo, nchi yao wakiijua kwa kusimuliwa tu. Na damu yetu imemwagika kule: iko tarehe 7 Desemba 2017, siku ambayo askari wetu zaidi ya 10 waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa waliuawa katika kambi moja ya Semuliki, Kivu ya Kaskazini. Mtu aliyezika mwanawe kwa ajili ya nchi ya jirani hawezi kuambiwa kwamba mambo ya jirani hayamhusu.

Tarehe 30 Juni 1960 bendera ya Mbelgiji iliteremshwa mjini Leopoldville. Siku tano baadaye askari wakaasi. Jeshi lenyewe lilikuwa na askari wapatao 25,000, na maofisa wake wote walikuwa Wabelgiji. Mwafrika aliweza kutumikia jeshini miaka ishirini akatoka angali sajini. Wanasiasa walikuwa wamekwisha kupata magari na nyumba za wakubwa, na askari waliyaona. Wakauliza: na sisi je? Mkuu wao, Jenerali Janssens, akawajibu kwa chaki. Aliandika ubaoni kwamba baada ya uhuru ni sawasawa na kabla ya uhuru. Maasi yakaenea kambi kwa kambi, Wazungu wakakimbia, majeshi ya Ubelgiji yakarudi kwa kisingizio cha kuwaokoa, na tarehe 11 Julai Moise Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961.

Mkono wa Mbelgiji katika kifo kile twaujua, wala hatutausahau. Bunge la Ubelgiji lenyewe liliunda tume ya kuchunguza, na mwaka 2002 serikali yao ikaomba radhi. Lakini adui hapiti ukutani, hupita mlangoni. Mlango ulioachwa wazi mwaka 1960 ulikuwa kambi ya askari walioona kwamba uhuru umewapita njiani bila hata kuwasalimu.

Msidhani twawacheka ndugu zetu. Tarehe 20 Januari 1964 sisi wenyewe tuliamka tukakuta askari wa kambi ya Colito, iitwayo siku hizi Lugalo, wameteka mji wa Dar es Salaam. Walidai mambo mawili: mshahara uongezwe, na maofisa wa Kiingereza waondoke. Uhuru ulikuwa na umri wa miaka miwili na mwezi mmoja tu. Tarehe 25 Januari serikali ililazimika kuwaita askari wa Kiingereza watusaidie dhidi ya jeshi letu wenyewe, na Mwalimu Nyerere hakuificha aibu ile.

Sasa tuulizane. Askari wale wa Colito walikuwa maskini kuliko nani? Mkulima wa Ugogo alikuwa maskini kuliko wao mara nyingi. Wao walikuwa na mshahara, hata kama ulikuwa mdogo. Yeye hakuwa na mshahara wo wote, na mvua ikikosa hakuwa na chakula pia. Mbona mkulima wa Ugogo hakuasi? Mtu atasema hakuwa na bunduki. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mkulima alikuwa hajakaa karibu na meza akaona sahani zikipita. Askari alikuwa amekaa karibu. Aliyaona magari mapya, akaona vyeo vikigawanywa mjini, na kambini akabaki chini ya ofisa yule yule, kwa mshahara ule ule.

Twaomba msomaji alishike neno hili, kwa sababu ndilo linaloachwa na mabwana wa mikutano. Nchi haianzi kutikisika kwa yule aliye maskini kupita wote. Huanzia kwa yule ambaye serikali imempa kazi, imempa sare au muhuri au bunduki, kisha haikumpa haki yake. Au imemwambia kwa ishara ajitafutie mwenyewe.

Baada ya mwaka 1964 sisi tulilivunja jeshi lile na kuunda jingine mwezi Septemba mwaka huo huo, kwa vijana waliotoka katika chama. Mwezi Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Rais alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata Azimio la Arusha likakataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au kupangisha nyumba. Mengine ya Azimio tumeyabishania miaka mingi, na wabishi hawajaisha. Lakini hili la mishahara lilikuwa na maana ambayo hata mtu asiyejua kusoma aliielewa: kama hakuna, basi hakuna kwa wote. Miaka ya 1980 tulipanga foleni za sukari na za sabuni, tukavaa viraka, na nchi haikuingia vitani.

Kongo ilipelekwa njia nyingine. Mobutu alitwaa nchi tarehe 24 Novemba 1965. Mwanzoni mambo yalionekana kunyoka. Mwaka 1967 alitoa fedha mpya, zaire, na zaire moja ilikuwa na thamani ya dola mbili. Tarehe 30 Novemba 1973 alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zinachukuliwa na wananchi. Neno zuri sana hilo, na sisi wazalendo tulilipigia makofi. Kumbe waliochukua hawakuwa wananchi, walikuwa jamaa wa wakubwa. Wengi wao waliuza bidhaa zilizokuwamo dukani, wakala fedha, wakafunga mlango. Mara bei ya shaba ikaanguka katika masoko ya dunia, na hazina ikabaki tupu.

Hapo ndipo serikali ya Kongo ilipovumbua njia yake ya kuwatunza watumishi, nayo ni kuwaachia wananchi wawatunze. Mwaka 1976 Mobutu alisimama mbele ya umati akawaambia watu kwamba mtu akiiba, basi aibe kidogo na kwa akili. Huyo ni mkuu wa nchi. Mshahara ukawa jina tu. Mwalimu akalipwa na wazazi wa watoto, kwa mchango ambao ulidumu miaka na miaka, mpaka elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019. Karani akauza muhuri. Polisi akauza njia. Askari, ambaye hana mtoto wa kufundisha wala muhuri wa kuuza, alikuwa na kitu kimoja tu mkononi. Wakongo wenyewe, watu wasiokosa mzaha hata msibani, wakaipa sheria hii jina la Kifungu cha 15, na kifungu hicho kina neno moja: jitafutie.

Hata mali iliyokuwa inachimbwa ililiwa mpaka mashine. Kampuni ya serikali ya Gécamines ilikuwa ikitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mashine hazikutengenezwa, machimbo hayakutunzwa, na mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Kufikia mwaka 1994 shaba iliyotoka ilikuwa chini ya tani 50,000. Hakuna jeshi la kigeni lililokuja kuiharibu Gécamines. Ilikufa wakati wa amani.

Mwezi Septemba 1991 askari wa miavuli wa Kinshasa walitoka kambini wakaanza kupora, na mji mzima ukafuata. Lakini habari ya Januari 1993 yafaa kusimuliwa kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndani yake imo habari yote ya Kongo.

Fedha ilikuwa imeharibika hata ikabidi kuchapa noti ya zaire milioni 5. Noti moja, milioni 5. Mobutu akaiingiza mjini. Waziri Mkuu, Etienne Tshisekedi, ambaye alikuwa akigombana na Mobutu, akatangaza kwamba noti hiyo si fedha halali. Wenye maduka wakamsikiliza Waziri Mkuu. Askari wakalipwa kwa noti hiyo. Basi tazameni: askari anakwenda sokoni na mshahara wa mwezi mzima mkononi, sare mwilini, bunduki begani, na muuza unga anamwambia, fedha yako hapa haipiti. Unadhani atarudi nyumbani akawaambie watoto nini? Hakurudi nyumbani. Mji uliporwa kwa mara ya pili, watu wengi wakauawa, na balozi wa Ufaransa akiwa mmoja wao.

Mama muuza mihogo wa Kinshasa alikuwa maskini kuliko askari yule. Hakupora mtu. Yeye ndiye aliyeporwa.

Wako watakaotuambia kwamba tunawaachilia mabeberu na majirani. Hatumwachilii mtu. Vita vya mwaka 1996 havikuzaliwa katika kambi za Kinshasa. Vilitoka Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wauaji walipokimbilia Kivu na silaha zao wakaishi katikati ya wakimbizi, na jeshi la Rwanda likawafuata huko. Vita vya pili, vilivyoanza Agosti 1998, vilivuta Rwanda na Uganda upande mmoja, na Angola, Zimbabwe na Namibia upande mwingine. Na mwaka 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika jinsi dhahabu, almasi na koltani vilivyokuwa vikibebwa na majeshi ya kigeni. Yote hayo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba katika vita vya kwanza jeshi la Zaire, lenye vifaru na ndege na majenerali wasiohesabika, lilikimbia kutoka Kivu hadi Kinshasa kwa muda wa miezi saba tu, likipora miji ya wananchi wake kabla adui hajafika. Tarehe 17 Mei 1997 Kinshasa ilianguka. Jeshi lile halikufia vitani. Lilikuwa limekufa siku nyingi, na maiti ilikuwa imesimamishwa kwa sare.

Sasa tuje Kivu. Mwaka 2017 watafiti walizunguka katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini wakihesabu vizuizi vya barabarani, ambavyo wenyeji huviita bariere. Walihesabu 798. Vingine ni vya waasi, lakini vilivyo vingi vilikuwa na watu wa serikali: askari, polisi, makarani wa ushuru.

Tumchukue mama mmoja wa Masisi, tusimtaje jina kwa kuwa wako maelfu kama yeye. Ana mfuko wa maharage na safari yake ni Goma. Kwenye kamba ya kwanza anatoa fedha. Kwenye ya pili hana fedha tena, basi anatoa bakuli la maharage. Ya tatu ni ya kundi la vijana wanaosema wanalinda kijiji, bakuli jingine. Ya nne ni ya askari wa serikali, ambao hawakulipwa au walilipwa nusu, na kamanda wao anangoja fungu lake jioni. Afikapo Goma amebakiwa na mzigo ambao hautoshi kununua mbegu za msimu ujao. Mwakani atalima kidogo zaidi, na pengine hatalima kabisa.

Hivyo ndivyo umaskini unavyotengenezwa. Hauanguki kutoka mbinguni kama mvua ya mawe. Una mahali pake, una saa zake za kazi, una mtu aliyesimama na kamba mkononi. Na mabwana wanaosema umaskini huleta vita hawajakosea, ila wameanza hesabu katikati. Wameukuta umaskini barabarani wala hawakuuliza nani kaushusha pale.

Sasa yuko kijana wa mama yule, umri wake miaka 15, amebeba mfuko nyuma ya mamaye, ameona kamba zote nne. Amejifunza somo ambalo shule haikumfundisha: mwenye bunduki hula, asiye nayo huliwa. Siku akienda kujiunga na kundi la porini, mtaalamu ataandika kwamba njaa imempeleka. Sisi twasema njaa imemsindikiza tu. Kilichompeleka ni kwamba amechoka kusimama upande wa kamba unaolipa.

Na makundi hayo yakikua hupata wenyewe. Mwezi Aprili 2012 askari walioingizwa katika jeshi la Kongo kwa mapatano ya tarehe 23 Machi 2009 waliasi tena, wakisema kwamba mapatano hayakutimizwa, na miongoni mwa malalamiko yao zilikuwamo habari za vyeo na mishahara. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba nyuma yao ulikuwapo mkono wa Rwanda, Rwanda ilikana. Tarehe 20 Novemba 2012 waliingia Goma. Mwaka 2013 askari wetu pamoja na wa Afrika Kusini na wa Malawi walisaidia kuwashinda. Mwishoni mwa mwaka 2021 wakarudi. Mwezi Aprili 2024 waliteka Rubaya, mahali penye koltani nyingi, na wataalamu wale wale wakakadiria kwamba kodi ya koltani iliwapatia dola zipatazo 800,000 kwa mwezi. Mwisho wa Januari 2025 Goma ikaanguka mara ya pili, na katikati ya Februari Bukavu.

Goma ilipoanguka lilitokea jambo ambalo twadhani halikupata nafasi ya kutosha katika magazeti. Walionekana Wazungu wapatao mia tatu kutoka Romania wakijisalimisha. Hao walikuwa mamluki waliokodiwa kuisaidia serikali. Kwa habari zilizochapishwa, mmoja wao alilipwa kama dola 5,000 kwa mwezi. Askari wa Kongo aliyekuwa ubavuni mwake alipata kama dola 100. Wazee wetu watakumbuka kwamba mwaka 1964 Tshombe naye aliwakodi mamluki wa Mike Hoare. Miaka sitini imepita. Majenerali wamezikwa, jina la nchi limebadilishwa likarudishwa, na bado iko fedha ya kumlipa Mzungu mara hamsini ya yule anayeilinda nyumba ya mamaye. Halafu twashangaa kwamba askari huyo hakusimama.

Mwezi Machi 2025, baada ya miji kuanguka, Rais Felix Tshisekedi aliamuru mishahara ya askari na polisi iongezwe mara mbili. Ni vema. Ingekuwa vema zaidi kama ingefanywa kabla ya Goma.

Mabwana wa mabenki watasema: fedha zitoke wapi? Swali hili tumelisikia tangu tukiwa watoto, na kila mara huulizwa zamu ya mwalimu na ya askari ikifika, halisikiki zamu ya mamluki. Jibu lake moja lilipatikana Kongo yenyewe. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulipeleka wasaidizi wa kurekebisha jeshi. Wakaona kwamba fedha za mishahara zilipitia mikononi mwa makamanda, kutoka mkubwa hadi mdogo, na kila mkono ulibaki na chake. Waliposhauri mlipaji awe mtu mwingine asiye kamanda, na askari wahesabiwe mmoja mmoja, yalikutwa majina mengi yasiyo na watu: askari hewa, wasiokula wala kulala, ila mishahara yao ikichukuliwa kila mwezi. Fedha ilikuwapo. Haikuwa ikifika.

Hapa tena tusicheke. Mwaka 2016 serikali yetu ilitangaza kwamba imekuta watumishi hewa zaidi ya 10,000 katika orodha zake. Sisi hatukuumbwa kwa udongo mwingine. Kila afisa anayemwambia mwananchi arudi kesho mpaka atoe chai, amefunga kamba yake ndogo barabarani. Kila mgambo anayemnyang'anya mama wa sokoni sufuria ya maandazi, na jioni maandazi yakaliwa ofisini, anamfundisha kijana fulani lile somo la Masisi. Na wako wanachama wenzetu, tena wenye kadi za zamani, wanaoona maneno haya kuwa madogo mno kwa mkutano wa chama. Wao hutaka tuzungumze habari za ubeberu. Na tuzungumze, lakini beberu hakai katika ofisi ya kata.

Tunajua pia kwamba si kila mtumishi anayekula chai ni mwizi kwa moyo. Mwingine amecheleweshewa haki yake miezi, amekopa dukani mpaka mwenye duka amemfungia mlango. Kumfukuza huyo na kuajiri mwingine, ambaye naye hatalipwa kwa wakati, ni kubadilisha kofia tu. Kwanza alipwe, kisha akiiba, afungwe bila huruma. Kongo ilifanya kinyume kwa miaka thelathini: haikuwalipa, wala haikuwafunga.

Basi twawaomba makatibu wa matawi kitu kimoja, wala hakina gharama. Katika mkutano ujao, kabla ya nyimbo na kabla ya hotuba ya mgeni, aitwe mwalimu wa shule ya hapo, aitwe mganga wa zahanati, aitwe polisi wa kituo, waulizwe mbele ya wanachama: mshahara wa mwezi uliopita mliupata tarehe ngapi, na ulikuwa kamili? Kisha waulizwe akina mama wa soko: tangu shambani mpaka hapa mmelipa mara ngapi, na mara ngapi mlipewa stakabadhi? Majibu yaandikwe katika kitabu cha tawi, yapelekwe wilayani, na katibu wa wilaya atakayeyafungia mezani ajulikane kwa jina lake.